Nukta Tatu Ndani ya Mlango wa Kushoto

Siku walipokuja kung'oa benchi la kazi la Oreste Vigna, mwenyewe ndiye aliyewashikia tochi. Ndivyo alivyo. Miaka arobaini na saba anahangaika na bodi za magari, na bado akiona mtu anasumbuliwa na nati hawezi kukaa na mikono mfukoni.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, kwenye karakana ya majaribio ya kiwanda cha Valdora, nje kidogo ya Torino. Kiwanda kilikuwa kimebakiza siku moja tu kabla ya kuidhinisha uundaji wa Ghiro, gari dogo la umeme la kuzungukia mjini. Viti viwili, milango miwili, na ufupi wa kuliegesha pale wenzako wanapobana pikipiki. Magari kumi na mawili ya kwanza yalikuwa tayari. Ijumaa saa sita mchana mkurugenzi angetia saini, na Jumatatu mashine zingeanza kutoa gari moja kila dakika tatu.

"Mzee Oreste, hili benchi lina umri gani?" alilalama Carmelo, fundi wa mitambo, akiwa amelala chali chini yake. "Nati zimeota mizizi."

"Lina umri wa mama yako, kwa hiyo lishike kwa adabu."

Carmelo alicheka mpaka spana ikamponyoka. Hapo ndipo Ilaria Quaglia, injinia wa karakana, alipokuja na kompyuta yake kwapani, uso umejaa furaha. Alikuwa binti wa miaka thelathini, mkweli, mchapakazi, na alimpenda yule mzee.

"Fundi Oreste, usinune. Hii ni sifa, si adhabu. Nimepitia fomu zako zote jana. Milango ishirini na minne, na hujaandika kasoro hata moja. Hata moja! Unajua maana yake? Maana yake kalibu za kukandamizia milango zimetoka sawa tangu siku ya kwanza. Mashine inakandamiza bati, mlango unatoka safi. Hatuhitaji tena mtu wa kukagua kwa mkono."

Mwanga wa tochi uliondoka kwenye nati ukaenda ukutani.

"Mzee, huku chini kuna giza!" Carmelo alipiga kelele.

Oreste hakumsikia. Alifungua mdomo, akasema, "Injinia, ile milango..." lakini simu ya Ilaria ililia, naye akampungia mkono akaenda zake.

Sasa lazima niwaeleze habari za mtu huyu, maana nisipowaeleza mtamwona mwongo, na mwongo si yeye. Ni mtoto wa dereva wa tramu. Alipofikisha miaka kumi na mitano baba yake alimpeleka kwa Celestino Barale, fundi aliyekuwa na karakana mtaa wa San Paolo, enzi ambazo bodi za magari ya matajiri bado zilifinyangwa kwa nyundo. Bati lilikuja bapa, mafundi wakalilaza juu ya mfuko wa mchanga, wakaligonga taratibu mpaka likapata mabega. Barale alimfundisha kufumba macho na kupitisha kiganja. Macho hudanganywa na mwanga, alimwambia, kiganja hakidanganywi. Na kweli, Oreste alifika mahali akawa anahisi bonde jembamba kuliko unywele. Marehemu mkewe, Nives, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mume wake akimshika bega, yeye hafahamu kama mume anampenda au anatafuta palipobonyea.

Kwa Barale kulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, fundi hapigi domo juu ya kasoro. Ukiikuta unainyoosha, unanyamaza, unaendelea. Kijana aliyekwenda kumtangazia tajiri kwamba mlango wake ulikuwa umepinda alirushiwa nyundo ya mbao, na wenzake walimcheka mwezi mzima. Ya pili, ukishanyoosha unaweka alama yako kwa ndani, mahali ambapo mwenye gari hatapaona maisha yake yote, ili siku kitu kikiharibika ijulikane ni mkono wa nani. Barale mwenyewe alikuwa na nyota. Oreste alipewa nukta tatu, zinazopigwa kwa msumari wa chuma kigumu. Msumari ule alikuwa bado anao, kwenye mfuko wa kifuani.

Sasa chukueni mtu wa namna hiyo, mwekeni mwisho wa mstari wa kisasa, mumpe fomu ya kujaza. Mlango wa kwanza wa Ghiro ulipomfikia mwezi wa kwanza, alifumba macho, akapitisha kiganja, na kwenye kona ya juu nyuma, mlango wa kushoto, upande wa dereva, akakuta bati limeinuka milimita moja na kitu. Jambo dogo. Alitwaa nyundo, kipande cha mbao na tupa, na baada ya dakika kumi na moja kona ikalala. Akapiga nukta zake tatu kwa ndani. Kisha akatazama fomu. Angeandika nini? Mlango ulikuwa sawa! Akaandika "sawa". Wa pili ukaja hivyo hivyo. Wa tatu. Alinung'unika kwamba vijana wa kubeba mizigo wanaigonga milango njiani, akanyoosha, akaandika "sawa". Kichwa chake kilikuwa bado mtaa wa San Paolo, ambako kila bati lilikuja na ugonjwa wake na kazi ya fundi ilikuwa kuuponya. Hakuna aliyemwambia kwamba kiwandani ugonjwa unaandikwa kwanza, ili aliyeusababisha akatibiwe.

Aliyetakiwa kutibiwa alikuwa kalibu. Kalibu ya mlango wa kushoto ilikuwa imechongwa vibaya, na kila mlango iliouzaa ulizaliwa na kona iliyoinuka. Jumatatu isingekuwepo dakika kumi na moja kwa kila mlango. Isingekuwepo hata moja. Mvua ingepita kwenye ile kona, ikashuka kwenye mkanda wa kiti, ikaingia kwenye kisanduku cha umeme kilichokaa chini ya dereva, na gari lingezima ghafla katikati ya barabara likiwa na bibi wa watu ndani.

Haya yote Oreste aliyaelewa pale pale, tochi mkononi, kwa sababu ya kusifiwa.

Jioni ile alikula na binti yake. Loredana alikuwa na miaka thelathini na minne na alikuwa amerudi kuishi kwa baba yake. Naye alifanya kazi Valdora, kibarua, mmoja wa watu mia moja na arobaini walioahidiwa mkataba wa kudumu Jumatatu, mkurugenzi akishatia saini. Kazi yake ilikuwa kufunga kava za ndani za milango. Aliingia na trei ya keki ndogo ndogo iliyofungwa kwa karatasi na utepe.

"Najua leo si Jumapili, siku ya keki. Kula tu, usiniangalie hivyo."

"Hujasaini bado."

"Nitasaini Jumatatu. We mzee nawe! Kufurahi siku nne kabla ni dhambi?"

Oreste alikuwa ametengeneza dagaa wa chumvi kwa mchuzi wa kijani, na mkate. Loredana alikula kwa hamu, akaongea huku anatafuna, kama alivyofanya tangu utotoni.

"Halafu unajua, alama yako naiona kila siku. Nikienda kufunga kava, hizo hapo, nukta tatu zinanikodolea macho. Nacheka peke yangu wenzangu wananishangaa."

"Umeziona kwenye mingapi?"

"Yote ya kushoto, kumi na miwili. Kulia hakuna hata..." Uma wake ulisimama. Hakuwa mjinga, na mabati aliyazoea tangu akiwa mtoto wa kuchezea chini ya meza ya baba yake. "Baba. Kwa nini kulia hakuna hata mmoja?"

Akamwambia. Alimwambia vibaya, kwa kurudia rudia na kukwepa macho yake, lakini alimaliza. Loredana alisukuma sahani.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi nyamaza."

"Loredana..."

"Nyamaza mpaka Jumatatu! Siombi zaidi. Nimeuza simu, Baba. Nimekaanga viazi. Nimepeleka watu pizza kwa baiskeli mvua inaninyeshea. Miaka miwili nalala kwenye chumba chenye mapazia ya dubu ambayo Mama alinichagulia nikiwa darasa la nne. Jumatatu nikishasaini, nenda kaseme unachotaka, panda juu ya paa ukatangaze. Mkataba ukishasainiwa hawauchani."

"Na magari yatakayotoka Jumatatu?"

"Watayarekebisha! Wana mainjinia, wana kompyuta!"

"Kompyuta inasoma fomu zangu."

"Kwa hiyo wewe ulikosea fomu, mimi ndiye nilipie?"

Oreste aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya usijue uso uuweke wapi. Loredana aliingia chumbani akafunga mlango. Keki zilibaki mezani na utepe wake.

Ijumaa karakana ilipambwa. Meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe, chupa za divai tamu zikapangwa pamoja na biskuti za njugu. Vibarua mia na arobaini walisimama nyuma ya mstari wa njano, wamechana nywele, wengine wamejipaka manukato kabisa. Magari kumi na mawili yaling'aa. Mkurugenzi Gallesio, mtu mrefu mwenye suti na kikohozi, alikuwa akisalimiana na wageni. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba cha vioo ambamo gari hunyeshewa kwa bomba dakika nane kupima kama linavuja. Magari matatu yalichaguliwa kwa kura asubuhi ile yakanyeshewa. Yote yalitoka makavu. Lazima yatoke makavu, si yalipita kwenye mkono wa Oreste?

Walimweka mstari wa mbele, kama pambo. Alikuwa amevaa ovaroli safi. Loredana alisimama karibu na magari pamoja na wafunga kava wengine, na tangu asubuhi hakumtupia baba yake jicho hata mara moja. Saa juu ya mlango ilisema saa tano na nusu. Kisha saa sita kasorobo. Oreste alishika msumari mfukoni, akauachia, akaushika tena. Alijiambia asubiri Jumatatu. Alijiambia binti ni mmoja tu, na Mungu hakumpa mwingine. Gallesio akafungua kalamu.

Miguu ikampeleka yenyewe.

"Injinia," alimwambia Ilaria, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Milango ya kushoto ni mibovu. Yote. Niliinyoosha mimi, sikuandika."

Ilaria alimtazama kana kwamba hajasikia vizuri. Gallesio ndiye aliyejibu, akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Fundi Vigna, jana tumekuondolea benchi, leo umegundua ugonjwa?"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kulegeza mkazo, lakini kilimchoma. Mtu mmoja nyuma ya mstari alipaza sauti, "Babu hataki kustaafu! Mrudishieni benchi lake tunywe divai!"

"Fungueni kava," Oreste alisema. "Lolote, gari lolote. Mtakuta nukta tatu."

"Nukta," alisema Gallesio.

"Ni alama yangu. Ninapoweka alama, nimenyoosha."

Ilaria hakucheka. Alikwenda kwenye gari la karibu, akamwambia Loredana afungue kava. Ilibidi iwe Loredana, ndiye aliyekuwa na kifaa mkononi. Alikiingiza pembeni, kava likatoka kwa mlio mkavu, na nukta zilikuwa pale. Gari la pili, zile zile. Upande wa kulia hakuna kitu. Uso wa yule injinia ulibadilika rangi, maana alikuwa mtu wa hesabu na hesabu hii ilikuwa fupi.

"Alama si uthibitisho wa kasoro," Gallesio alisema, na sasa tabasamu lilikuwa limekwisha. "Fundi mzee ana mazoea yake. Saa sita hii hapa."

"Kwenye rafu kuna milango ya kushoto iliyokandamizwa jana," alisema Ilaria. "Haijapita kwa fundi. Tufunge mmoja tulinyeshee gari. Dakika ishirini, bosi. Ukivuja tumejua. Usipovuja tia saini, na mimi nitamwomba radhi kila mtu hapa."

Carmelo alileta mlango, akaufunga bila kumtania mtu. Gari likasukumwa ndani ya chumba cha vioo. Kwa kawaida mtu mmoja huketi ndani na tochi, karatasi nyeupe kavu magotini, achunguze tone litadondokea wapi. Mtu huyo siku zote alikuwa Loredana, kwa sababu ni mdogo wa umbo na anaweza kujigeuza.

"Aingie binti yake," Gallesio alisema. "Mzee hataweza kusema tumemchezea. Au humwamini hata huyo?"

Oreste alimtazama mwanawe. Naye Loredana sasa alimtazama. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba. Kisha akaingia, akafunga mlango, na mvua ikafunguliwa.

Nawaambieni, dakika nane ni ndefu. Maji yalipiga bati kwa kelele kiasi kwamba hakuna aliyejaribu kusema kitu. Kupitia vioo viwili na maji yanayotiririka, Oreste aliona kivuli tu, kichwa na mwanga wa tochi ukitembea. Dakika ya pili mwanga ulikwenda kwenye ile kona. Ukakaa hapo. Dakika ya tatu aliona kivuli kikiinua mkono juu, na mkono ule haukushuka. Haukushuka dakika ya nne, haukushuka ya sita. Wengine wangedhani anashika paa asiteleze. Oreste alijua. Moyo ulimpasuka, na cha ajabu, sehemu ya moyo huo iliomba mkono ule utoshe.

Maji yalikatika. Loredana akatoka akiwa ameshika karatasi mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa nyuma yake.

"Pakavu," alisema.

Gallesio aliichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akaiinua watu wote waione. Nyeupe pe. Nyuma ya mstari wa njano kelele zililipuka, watu wakakumbatiana, mtu akaimba. "Mzee nenda kapumzike!" mmoja alipiga kelele, na mwingine, "Kacheze matufe bustanini na wazee wenzio!" Ilaria aliinamisha kichwa.

Oreste alimkaribia binti yake. Shati la kazi la Loredana lilikuwa la kijivu, na mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, ulikuwa mweusi kwa maji. Alisimama mahali ambapo baba yake peke yake angeweza kuuona. Ingetosha kuukamata na kuuinua. Watu mia mbili wangeona, naye angekuwa mkweli, fundi wa Barale, mwenye heshima zake. Na mwanawe angekuwa mwongo mbele ya kila mtu ambaye angeweza kumpa kazi mji huu.

Loredana alisubiri aukamate.

Oreste akajisogeza kidogo, akasimama kati yake na watu, akamkinga.

"Injinia," alisema, "naomba lirudiwe. Safari hii nikae ndani mimi."

"Imetosha!" Gallesio alifoka. "Binti yako mwenyewe amesema!"

"Binti yangu amesema alichokiona. Tochi ile mbovu, betri imekwisha. Naomba lirudiwe tu."

"Wewe huwezi kukaa ndani, ndiye mwenye shauri," Ilaria alisema taratibu. Alimtazama mzee, akaitazama ile tochi iliyokuwa ikiwaka vizuri kabisa, akavua saa yake ya mkononi. "Nitakaa mimi."

"Quaglia, ninakuonya."

"Dakika nane, bosi."

Akaweka mguu ndani ya gari. Ndipo Loredana alipotoka nyuma ya mgongo wa baba yake.

"Usiingie, utalowa bure," alisema. Akainua mkono wa kushoto juu, wote, na maji yakamchuruzika kutoka kwenye kiwiko hadi sakafuni. "Linavuja tangu dakika ya pili. Niliziba na shati."

Ilisikika tu ile mvua iliyobaki ikidondoka kutoka kwenye bomba. Loredana alikuwa analia, lakini sauti haikumtetemeka. Ilaria alichukua fomu, akaandika mstari mmoja, na baadaye nilipata kuuona mstari huo: "Maji yanaingia kona ya juu ya mlango wa kushoto, kwa taarifa ya mkaguzi aliyekuwa ndani." Hakuongeza neno. Gallesio alifunga kalamu yake, akawaambia wageni kwamba tarehe itatangazwa, akaondoka kwa mlango wa pembeni. Divai haikufunguliwa.

Jumatatu vibarua wote mia na arobaini waliambiwa wakae nyumbani. Oreste aliitwa kutia sahihi karatasi zake za kustaafu, na alipokwenda kubadili nguo alikuta mtu amejaza maji kwenye viatu vyake, vyote viwili, mpaka juu. Aliyamwaga sinkini, akavivaa, akatembea hadi kituo cha tramu. Hakumlaumu mtu. Alisema angekuwa yeye naye angejaza.

Loredana alirudi kwenye baiskeli na pizza. Siku kumi na moja hakusema na baba yake ila "kuna maziwa" na "naenda". Siku ya kumi na mbili alirudi amelowa chapachapa, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Uliuona mkono wangu," alisema.

"Niliuona."

"Ungeweza kuniumbua."

"Ningeweza."

"Ningekuchukia maisha yangu yote, unajua?"

"Najua. Vua koti, utaugua."

Alivua. Oreste alimpa taulo na sahani ya supu, wakala pamoja.

Kalibu ilichongwa upya kwa wiki saba. Watu waliitwa tena kwa mafungu, hamsini, halafu arobaini, halafu kimya. Loredana alikuwa wa fungu la mwisho kabisa, na barua yake ilifika mwezi wa sita akiwa tayari ameacha kuangalia kisanduku cha posta. Walikuwepo ambao hawakuitwa. Oreste anawajua kwa majina, na akikutana nao sokoni Porta Palazzo wengine humgeuzia mgongo.

Siku ya kwanza ya Loredana kazini, mzee alikuwa nyumbani anakata mkate. Simu ililia mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha, imepigwa haraka kabla kava halijafungwa. Ndani ya mlango wa kushoto wa Ghiro, bati tupu, safi, halina nukta hata moja. Chini yake Loredana aliandika: "Umetoka hivi hivi mashineni, Baba. Nimeupitishia kiganja nimefumba macho."

Oreste alivaa miwani. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaenda kwenye kona ya juu nyuma, akaitafuta kasoro kwa muda mrefu, mkate umeachwa mezani. Hakuikuta. Akaiweka simu chini, akakaa kwenye kiti cha Nives, akalia.